Pikapu za gita: sebene na hevi metali kwenye gita moja, naombeni ushauri

Wakuu habari, naongelea pikapu za gita la umeme jamani, vile vinasa sauti vya chini ya nyuzi, sio gari. Nina gita la hambaka mbili (pikapu za koili mbili mbili), Jumapili napiga sebene kanisani sauti inatakiwa safi ilie kama kengele, af Ijumaa na washkaji ni hevi metali, distosheni mpaka mwisho. Pikapu zilizokuja nalo ukiweka distosheni ni matope tupu, na ukipiga safi zimepooza.

Nawaza pikapu za Seymour Duncan, JB kwenye briji (upande wa daraja la nyuzi) na '59 shingoni, JB ina ukinzani wa kama kilo-om 16 na '59 7 na kitu, zote sumaku ya alniko 5, af niweke poti (kile kitufe cha kuzungusha cha sauti) ya kuvuta ili nizime koili moja nipate ule mlio mwembamba. Fundi wangu yeye anang'ang'ania pikapu za EMG, 81 na 60, anasema kelele hamna kabisa, ila zinataka betri ya volti 9 na mimi naijua bahati yangu, itaisha katikati ya pambio, na 81 yenyewe koili huwezi kuigawa.

Aliyewahi kufunga JB aniambie, ukizima koili moja sauti inashuka sana? Na poti za kilo-om 500 ni lazima au hata 250 zitafaa?