Mafundi, mnapima au mnabahatisha? Gari linatetemeka sailensa, linakunywa mafuta, na nimeng'olewa sensa nzima!

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe nikiwachosha, lakini nimeliwa pesa miezi minne mfululizo na lazima niseme.

Gari langu ni la petroli, silinda nne, nimelizoea kwa kilomita 13 kwa lita. Shida ilianza taratibu. Nikisimama kwenye taa nyekundu, gari likiwa sailensa, yaani injini inawaka bila mimi kukanyaga mafuta, usukani unatetemeka. Mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika), ambao siku zote unatulia kwenye 750, unashuka hadi 500, unaruka hadi 900, unashuka tena. Chupa ya maji pembeni yangu inacheza kama iko juu ya mashine ya kusaga. Nikikanyaga mafuta linatulia kabisa, utadhani halina tatizo lolote. Mafuta nayo yakaanza kuyeyuka: kilomita 12 kwa lita, mara 11, mpaka 9 na nusu. Taa ya injini ikawaka.

Fundi wa kwanza hakuuliza hata swali. "Plagi hizo, bosi." Zikabadilishwa zote nne. Wiki iliyofuata, "basi itakuwa koili." Ikabadilishwa. Throtoli, ule mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, ikasafishwa; nozeli za kupulizia petroli zikasafishwa. Kila safari gari linatulia siku mbili, ya tatu limerudi palepale. Sikubishana naye, maana mimi si fundi, na mtu ukimpa kazi yake unamwachia aifanye.

Nikahamia gereji yenye mashine ya kupimia. Zikatoka namba mbili za hitilafu, P0171 na P0128. Nilizipiga picha kwa simu, na namshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu dakika hiyohiyo jamaa alizifuta. Hakuandika popote. Hii ya pili hakuizungumzia kabisa. Ya kwanza akasema, "sensa ya oksijeni imekufa." Nikanunua mpya, akafunga, taa ikazimika, nikalipa. Siku ya nne taa ikawaka, P0171 ileile. Nikamrudia, ananiambia sasa ni pampu ya mafuta.

Hapo nikagoma.

Wakuu, P0171 haisemi kwamba sensa ni mbovu. Inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko inavyotakiwa kwa petroli iliyopo. Injini ya petroli inataka karibu kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya mafuta. Sensa inakaa kwenye ekzosi, inanusa oksijeni iliyobaki, inapeleka taarifa kwa kompyuta, na kompyuta inaongeza petroli ili kusawazisha. Sensa ni mjumbe tu, na mjumbe hauawi! Yeye kamng'oa mjumbe, kaniuzia mwingine, na mjumbe mpya akaleta habari ileile. Angefikiria dakika tano tu angeliona hilo.

Nikatafuta kile kidude kidogo cha kuchomeka kwenye soketi iliyo chini ya usukani, kinachozungumza na simu. Soketi hiyo si siri ya gereji. Marekani iliilazimisha kwenye magari madogo yote mapya tangu mwaka 1996, na yeyote anaweza kuitumia kusoma gari linasema nini. Nikaangalia kitu kimoja tu: kompyuta inaongeza petroli kwa asilimia ngapi. Likiwa sailensa, asilimia 24. Nikapandisha RPM hadi 2,500 na kuishikilia hapo, ikashuka hadi 5.

Jibu lote lilikuwa pale, kwenye namba mbili. Sailensa throtoli inakuwa imefungwa karibu yote, injini inavuta kwa nguvu, na penye tundu lolote nyuma ya throtoli hewa inaingia bila kupita kwenye kipimo cha hewa. Hewa hiyo kompyuta haikuihesabu. Ukikanyaga mafuta, hewa ya halali inakuwa nyingi mno kiasi kwamba ile ya wizi haionekani tena. Ndiyo maana gari lilikuwa linatulia nikikanyaga! Pampu ikichoka mambo yanakuwa kinyume: shida inaongezeka mlimani na kwenye mwendo, pale injini inapodai petroli nyingi. Nilimweleza hivyo kwa mdomo wangu. Akanijibu, "Simu hizo zinadanganya."

Nilifungua boneti asubuhi, injini ikiwa ya baridi, nikaiwasha nikasikiliza. Kulikuwa na sauti nyembamba, kama mtu anavuta mate kati ya meno, nyuma ya menifoldi ya hewa, lile bomba linalogawa hewa kwenye silinda. Nikapeleka vidole taratibu, mbali na feni na mikanda. Kuna mpira mfupi wenye kona, unaotoa mvuke wa oili kwenye injini kuurudisha uchomwe. Kwa juu ulionekana mzima. Upande wa chini, kwenye kona, umevimba na kulainika kwa oili, na una mpasuko wa urefu wa ukucha. Nilipoubana kwa vidole viwili, sauti ikakatika na mshale ukasimama 750, haukutikisika. Nilisimama pale nimeubana nikikumbuka plagi, koili, sensa. Ule mpira ndio kifaa cha bei ndogo kuliko vyote nilivyowahi kulifungia gari hili.

Sasa P0128, ile waliyoifuta bila kuisema. Maana yake injini haifikii joto lake. Kidude kilionyesha nyuzi 64 kwenye mwendo mrefu, wakati inatakiwa kucheza karibu na 90. Nikafungua kasha la thamostati, kile kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto: tupu! Fundi aliyenishughulikia rejeta mwaka jana aliing'oa na hakuniambia. Nilipompigia akasema mambo ya thamostati ni ya nchi za baridi. Si kweli hata kidogo. Thamostati haiangalii unaishi wapi, inaangalia maji ya injini, na bila hiyo kompyuta inadhani injini bado haijapata moto, inaendelea kumimina petroli ya kuamshia. Oili nayo inabaki nzito. Mtu kama huyo anaharibu injini za watu na anapokea shukrani.

Mpira mpya na thamostati mpya vimefungwa. RPM 750, imetulia. Asilimia ya petroli ya nyongeza sasa ni 2. Tenki mbili nilizopima zimetoa kilomita 12.8 na 13.1 kwa lita.

Kwa hiyo mafundi mliomo humu, nijibuni bila kuzunguka. Kwa nini mnafuta namba kabla ya kuziandika? Kwa nini mteja analipia kifaa ambacho hakikupimwa? Kuangalia asilimia ile kulinichukua dakika tatu, na mashine ya yule jamaa inaionyesha vizuri kuliko simu yangu.

Jana nilikwenda gereji kudai sensa yangu ya zamani, ile aliyosema imekufa. Ameniambia, bila kupepesa macho, kwamba ameshaifunga kwenye gari la mteja mwingine na inafanya kazi vizuri.