Mliotupia "lugha ya D flati" kwenye grupu la wanafunzi, hii si sawa kabisa!

Wakuu, naandika nina hasira.

Mdogo wangu ana wiki ya tatu tangu aanze kujifunza kuandika programu. Juzi mtu katupia kwenye grupu lao la WhatsApp kwamba C# (C shapu), lugha ya kuandikia programu, imeshapitwa na wakati, kampuni sasa zinataka D♭ (D flati, lugha ya kubuni tu). Kaweka na linki, nembo, hadi kipande cha msimbo. Binti wa watu akaamini. Na aliamini kwa sababu muziki anaujua! Anaimba alto kwaya ya kanisani, anajua kwenye kinanda C shapu na D flati ni kitufe kimoja cheusi. Nimekuta kwenye daftari lake kaandika "D♭" kwa kalamu nyekundu, kile ki-b kakichora vizuri kabisa, na chini yake: "kushusha leo usiku". GB 2 zote zimeishia kwenye mafaili ya .NET, jukwaa la Microsoft la kuendeshea programu za C#, akidhani D♭ imo humo. Alipouliza, akajibiwa kwa emoji za kucheka. Tangu hapo hajafungua laptop.

Mimi C# ndiyo inayonilisha. Tangu Microsoft waitangaze mwaka 2000, jina lake ni la muziki: shapu hupandisha noti nusu toni, kwa hiyo hii ni C iliyopanda. Hiyo # tunaitumia kwa kuwa ndiyo iliyopo kwenye kibodi, shapu yenyewe ni ♯. Utani wake naupenda, lakini upigeni kwa wanaoijua lugha.

Tena mmeukosea. Huo usawa ni wa kinanda. Muulize mwanakwaya anayesoma sol-fa: do ikiwa C, C shapu anaiimba "de", D flati anaiimba "ra". De inataka kupanda kwenda re, ra inataka kushuka kwenda do. Hazifanyi kazi moja!

Mkitaka mchezo, tokeni jasho. Daniel Temkin alitoa lugha ya programu iitwayo Velato mwaka 2009: programu yake ni faili la MIDI (la noti za muziki kwenye kompyuta), noti unazopiga ndizo amri, na kompyuta inazitekeleza kweli. Ninyi mmetengeneza picha.

Aliyetupia arudi kwenye grupu lilelile, aandike wazi kwamba ulikuwa utani, na amwombe radhi yule binti. Na admini, ile posti mpaka saa hii umeibandika juu kabisa. Itoe.