Je, ruzuku ya kaya maskini hupunguza uchomaji wa mkaa?

Swali (mkazi wa Kongwa, Dodoma)

Ndugu zangu, kijijini kwetu kaya kadhaa zimo katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania. Walengwa hupokea ruzuku, na kupitia ajira za muda wamechimba lambo na kupanda miti. Hata hivyo, kila mvua inapochelewa, matanuri ya mkaa huongezeka mlimani, na baadhi ya wachomaji ni walengwa hao hao. Je, ruzuku huokoa misitu, au huahirisha tu ukataji? Naomba tusiwalaumu wachoma mkaa, kwani hata karo yangu ya shule ililipwa kwa mkaa.

Jibu la kwanza (mwalimu wa uchumi)

Matokeo hutegemea mahali. Nchini Meksiko, watafiti waliochunguza mpango wa ruzuku wa Oportunidades walikuta kwamba kaya zilizopata fedha zilikula nyama na kunywa maziwa zaidi, hivyo misitu ikafyekwa ili kupata malisho, hasa katika vijiji vilivyo mbali na barabara nzuri, ambavyo hulazimika kujizalishia chakula chao. Nchini Indonesia, kinyume chake, vijiji vilivyoingizwa katika mpango wa ruzuku kati ya 2008 na 2012 vilipunguza upotevu wa misitu kwa takriban asilimia 30, na sababu mojawapo inagusa swali lako moja kwa moja: mvua ilipochelewa, mkulima aliyekuwa na ruzuku hakulazimika kufyeka msitu ili kufidia mavuno.

Jibu la pili (mjumbe wa kamati ya jamii ya mpango huu, wilaya jirani)

Mwalimu, nakubaliana nawe, lakini ruzuku huwa bima ya namna hiyo iwapo tu fedha zinafika kwa wakati. Katika awamu ya tatu ya TASAF, ujira wa ajira za muda ulikuwa shilingi 2,300 kwa siku, kwa siku 60 kwa mwaka. Kwetu malipo yaliwahi kuchelewa hadi ghala likawa tupu, ilhali mnunuzi wa mkaa hulipa papo hapo, kando ya barabara. Mama mwenye watoto wanaolala njaa hawezi kungoja orodha ya malipo, nami sioni kosa lake.

Jibu la tatu (bwana misitu mstaafu, Shinyanga)

Mimi naomba tuitazame miti yenyewe. Huku kwetu maeneo makubwa yalifyekwa enzi za ukoloni ili kuangamiza mbung'o, yakabaki jangwa. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986, ulirudia desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kufunga eneo la malisho wakati wa masika na kulifungua kiangazi kinapokaza, na zaidi ya hekta 300,000 zikarejea uoto. Ngitili ilidumu kwa sababu kila moja ina mwenyewe, iwe kaya au kijiji, ambaye huvuna kuni, nyasi na dawa. Miti ya ajira za muda hupandwa na wote, kisha haina mwenyewe. Mbuzi huimaliza kabla ya masika ya pili.

Mwuliza swali

Asanteni sana. Miti yetu ilipandwa katika eneo la kijiji, na hakuna aliyewahi kutamka nani atavuna. Nitaliwasilisha hilo katika mkutano mkuu wa kijiji, pamoja na ombi kwamba ujira ulipwe kabla ya Januari, mwezi ambao matanuri huanza kuwashwa.