Kama jina mlikuwa nalo mfukoni, ukumbini mlituitia nini?

Wakuu, heshima kwenu. Nina dukuduku kuhusu uteuzi wa kiongozi chuoni kwetu, ila naomba msiniulize chuo gani. Ni cha umma, mimi ni mhadhiri hapo, nina mkopo wa benki na watoto wawili sekondari. Inatosha.

Naibu Makamu Mkuu wa Chuo upande wa taaluma alimaliza muda wake mwaka jana. Akawekwa kaimu. Miezi mitatu, tukanyamaza. Sita, tukanyamaza. Ikafika kumi na moja! Ukimpelekea jambo lolote zito, kaimu anakujibu, "Hilo tumsubiri mwenye kiti." Mafaili ya watu kupandishwa cheo yamelala kabatini mpaka panya wameshajua nani ana machapisho mangapi.

Mwishowe likatoka tangazo, ikaundwa kamati ya kutafuta mtu, watano wakajitokeza. Tukaitwa ukumbini, kila mmoja aeleze dira yake. Saa nne nzima, feni mbili, maji hakuna. Wawili walisoma hotuba ambazo ungeweza kuzisoma popote, hata kwenye uzinduzi wa ghala la mahindi. Lakini kuna mama mmoja, profesa wa hisabati, alisimama bila karatasi. Akaeleza idara moja baada ya nyingine: wanafunzi wangapi kwa mwalimu mmoja, maabara ipi haina gesi tangu lini, kwa nini matokeo yanachelewa na karatasi zinakwama meza ya nani. Akaitaja meza yenyewe! Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Tukajaza fomu za maoni, tukarudi nyumbani tukiwa na matumaini kama watoto wa darasa la kwanza.

Ijumaa saa tatu usiku, taarifa ikaingia WhatsApp. Aliyeteuliwa hakuwa miongoni mwa wale watano. Hakuomba, hakuja ukumbini, hatujamsikia akitamka neno kuhusu chuo chetu. Huenda ni mtu mzuri tu, simjui. Ndiyo shida yenyewe.

Msiniletee habari za Hati Idhini, ile hati inayokianzisha chuo, na mamlaka ya uteuzi, nimezisoma. Mwenye mamlaka ateue, nani kamzuia? Ila asitukalishe kwenye joto kupiga makofi ya bure.

Na kama mnadhani nalilia enzi za zamani, hapana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza kujitegemea mwaka 1970, Makamu Mkuu wake wa kwanza, Pius Msekwa, alitokea makao makuu ya TANU, chama tawala cha wakati huo. Mwaka 1971 kiongozi wa wanafunzi, Akivaga, akamwandikia barua ya wazi, akaishia kufukuzwa na kurudishwa kwao Kenya. Mkono wa chuma, sikatai. Lakini hawakujificha: chama kimeweka mtu wake, basi. Hakuna aliyeitwa kuja kueleza dira.

Huko huko Kenya, Januari 2020, Baraza la Chuo Kikuu cha Nairobi lilimtangaza Profesa Kiama kuwa Makamu Mkuu, Waziri wa Elimu Magoha akafuta uteuzi na kuweka kaimu, wakafikishana mahakamani, Kiama akarudi kwenye kiti. Tuliwacheka sana. Leo nawaonea wivu, maana angalau walikuwa na pa kupeleka malalamiko. Sisi yetu tunayamalizia kantini, tena kwa sauti ya chini, ukiangalia nani kakaa meza ya nyuma.

Yule mama wa hisabati ameomba likizo bila malipo. Nilikutana naye kwenye ngazi nikamwambia pole, Profesa. Akacheka, akaniuliza kama ile maabara imeshapata gesi.

Jumatatu kuna hafla ya kumkaribisha bosi mpya. Mkuu wa idara amepitisha daftari, mchango ni elfu ishirini kila mtu, na fulana ya sare juu. Sitoi hata mia. Daftari likija tena kwangu, nitaandika jina la yule mama.