OLED au mini LED kwa sebule inayopigwa jua la alasiri?

Ziwani_Entebbe
Salaam wakuu. Sebule yetu Entebbe ina ukuta mzima wa vioo upande wa magharibi, unatazama ziwa. Kuanzia saa nane mchana jua linaingia ndani, na maji nayo yanarudisha mwanga wake, mpaka linapozama. Nataka TV ya inchi 65 ya daraja la juu, ya kukaa nayo miaka. Nimebakiza tatu: LG G5 na Samsung S95F, zote OLED, halafu Samsung QN90F ambayo ni mini LED. Mchana ni mpira, hasa Jumamosi, usiku filamu. Mama watoto hataki mapazia mazito, ziwa ndilo lililotuleta hapa. Nishaurini.

Fundi_Ntinda
Ndugu, hapo kuna mambo mawili ambayo wauzaji huyachanganya: mwanga unaotoka kwenye TV, na mwanga wa chumba unaorudishwa na kioo chake. Yaangalie moja moja.

Kwenye OLED kila pikseli, yaani kila nukta ndogo ya picha, inajiwashia yenyewe, ndiyo maana nyeusi yake ni nyeusi kweli. Lakini zile niti (kipimo cha mwanga wa skrini) kubwa kwenye matangazo hupimwa kwenye kipande kidogo cha skrini. Picha ikiwa nyeupe au yenye mwanga skrini nzima, TV inajipunguza yenyewe ili isipate joto na isile umeme kupita kiasi. Uwanja wa mpira wenye jua ni picha ya namna hiyo hasa: majani yanajaza skrini dakika tisini. G5 ina paneli mpya ya tabaka nne na imepiga hatua kubwa, ila kwa picha iliyojaa mwanga mini LED nzuri bado huziacha OLED nyuma. Ile ina taa ndogondogo nyingi sana nyuma ya paneli, na zinaweza kuwaka zote pamoja bila kupunguzwa kiasi hicho.

Kwa mechi za alasiri ningechukua QN90F bila kusita.

Dada_Naguru
Fundi, nakuheshimu, lakini umesahau watu wanakaa wapi. Sebule zetu viti vimezunguka pande tatu. Mini LED nyingi hutumia paneli ya VA, aina ya LCD yenye nyeusi nzuri ukiitazama kutoka mbele, lakini ukikaa pembeni rangi zinapauka, nyeusi inakuwa kijivu. Wengine huongeza tabaka la kusaidia pembe, lakini bado haifiki OLED. Wageni wakija kwangu hakuna anayegombania kochi la katikati.

Halafu usiku. Maandishi meupe kwenye giza, mini LED inaacha ukungu wa mwanga kuyazunguka, kwa sababu taa moja inahudumia pikseli nyingi. Ukishauona mara moja, utauona kila siku.

Ziwani, kwako naona S95F. Kioo chake si cha kung'aa, kinatawanya mwanga. Hutaona dirisha lako limejichora kwenye skrini.

Fundi_Ntinda
Dada, kuhusu pembe uko sahihi, siwezi kubishana. Ila S95F ya inchi 65 ni QD-OLED, aina ya OLED inayotengeneza rangi kwa chembe ndogo sana (quantum dots), na paneli hizo hazina kile kichujio cha polaraiza, kinachomeza mwanga wa chumba, kilicho kwenye OLED za LG. Chumba kikijaa mwanga, nyeusi yake inapanda na kuwa kijivu. Dirisha halionekani, kweli, lakini mwanga uliotawanywa haukuondoka, umeenea skrini nzima. G5 ni kinyume chake: nyeusi inabaki nyeusi, ila kioo kinang'aa, na taa au dirisha likiwa mbele yake utaliona na mipaka yake. QN90F nayo ina kioo cha kutawanya, lakini ina nguvu ya kushindana na mwanga huo.

Mzee_wa_Bombo
Wanangu, mmeongea TV tu. Inakaa ukuta gani?

Ukuta wa mashariki, unaotazamana na vioo, usiuguse. Jua la jioni litapiga paneli moja kwa moja, na vitabu vya maelekezo vya TV hukataza jambo hilo, OLED au siyo OLED. Kumebaki kaskazini au kusini. Sisi tuko kwenye ikweta: mwezi wa sita jua linazama kaskazini kidogo ya magharibi, kwa hiyo miali inaelekea ukuta wa kusini. Mwezi wa kumi na mbili ni kinyume, ukuta wa kaskazini ndio unaopigwa. Ligi za Ulaya zinachezwa Desemba na zinapumzika Juni. Weka ukuta wa kusini, mbali na vioo kadiri chumba kinavyoruhusu. Kwa wiki zile za Juni pazia jepesi la kuvuta linatosha, na mama hatalalamika.

Kijana_wa_Jinja
Naongeza dogo tu. Umeme wetu hupanda na kushuka, nunua stabilaiza nzuri, kifaa cha kutuliza umeme, pamoja na TV. Na uliza waranti inafanya kazi hapa Uganda au kule ilikotoka, maana nyingi huja kupitia Dubai na bei nafuu yake huishia hapo.

Ziwani_Entebbe
Mzee, shikamoo na asante sana. Ukuta wa kusini uko wazi, nilikuwa nimeupangia kabati la vitabu. Kabati litahama. Naelemea QN90F, ila maneno ya dada kuhusu viti vya pembeni yamenigusa, maana wazazi wangu hukaa upande wa mlangoni.

Dada_Naguru
Basi usinunue kwa kusoma. Nenda dukani, waombe wazime TV kwanza, uwashe tochi ya simu mbele ya kioo: cha kung'aa kitakuonyesha nukta kali, cha kutawanya kitakuonyesha doa pana lenye ukungu. Kisha waiwashe, watoe ile hali ya picha ya dukani inayokoleza kila kitu, wakuwekee mechi badala ya video zao za maua. Simama pale ambapo mzee wako angekaa. Ukiona majani bado ni kijani, chukua hiyo mini LED, sitakulaumu.

Fundi_Ntinda
Na ukitundika, usawa wa macho ya aliyekaa. Watu wanazipandisha mno.