Wasaidizi wa kitengo wanamfanyia mtoto kila kitu: siku mbili niwafundishe nini?

Mleta mada:
Habari wakuu. Naandaa mafunzo ya siku mbili kwa wasaidizi 6 wa kitengo cha watoto wenye ulemavu wa akili, shule ya msingi. Walimu wamepita Patandi (chuo cha ualimu wa elimu maalumu), wasaidizi hawajasomea. Wanalisha, wanavisha, wananawisha. Mtoto wa miaka 11 kazi yake kunyoosha mikono tu. Nilifikiri nianze na aina za ulemavu.

chaki_nyeupe:
Aina waachie walimu. Chukua stadi moja, kunawa mikono. Msaidizi anawe kwenye kibuyu chirizi (kidumu kinachoinama na kumwaga maji ukikanyaga kijiti), mwenzake aandike kila kitendo. Watakuletea hatua 5. Warudishe mpaka zifike 12: kusogea, kukanyaga kijiti, kulowesha mikono, kuachia kijiti, kushika sabuni, kusugua viganja, migongo ya viganja, katikati ya vidole, kurudisha sabuni, kukanyaga tena, kusuuza, kukung'uta. Hapo ndipo wanagundua kuwa kukanyaga huku umekinga mikono ni vitendo viwili kwa mpigo, na wengi hukwama hapohapo. Mwenye mtindio wa ubongo asiyeweza kusimamia mguu mmoja, mpe dumu lenye koki.

MamaKitengo:
Naongezea: kufundisha kuanzie mwisho. Msaidizi asaidie hatua 11, kukung'uta amwachie mtoto. Akiweza siku 3 mfululizo, amwachie na kusuuza. Hivyo kila mara mtoto anamaliza mwenyewe na sifa anaipata papo hapo.
Wasimame nyuma ya mtoto. Kwanza mkono juu ya mkono, baadaye washike kiwiko tu, kisha waguse bega, kisha waache. Kinachoharibu ni mdomo: "kanyaga, kanyaga, haya kanyaga!" Mtoto anazoea kusubiri sauti, na kumwachisha sauti ni kazi kuliko kumwachisha mkono. Msaidizi aseme mara moja, ahesabu moyoni hadi 5, ndipo aguse.

Mleta mada:
Nimeelewa. Kumbukumbu je?

chaki_nyeupe:
Karatasi moja ukutani, hatua zishuke, tarehe ziende kulia. M amefanya mwenyewe, G ameguswa, S ameshikwa mkono. Tiki usiweke, haisemi nani kafanya. Wiki mbili S tupu kwenye hatua ileile? Ivunje vipande viwili. Na wote wafuate mpangilio mmoja, la sivyo kila zamu mtoto anaanza upya.
Siku ya pili ifanyike na watoto wenyewe, kabla ya uji. Mtu mzima akiigiza mtoto hagomi wala hatupi sabuni. Sabuni yenyewe itoboe uifunge kamba.