Plant ya kusaga mawe: karasha 2 kubwa au 3 ndogo?

Mtu wa Buhongwa
Wakuu habari za jioni. Mimi na wenzangu hapa Mwanza tunataka kufunga plant ndogo ya mawe ya dhahabu upande wa Misungwi, tani 20 hivi kwa siku. Fundi wa kwanza kasema karasha (yale mapipa ya gololi yanayozunguka kusaga unga) mbili kubwa, wa pili kasema tatu ndogo, na kila mmoja anasifia anachouza 😂 Sasa kuna dogo wa chuo anasema kompyuta inapiga hesabu yenyewe inakuambia ununue nini, kweli au ananipiga kamba?

fundi gololi
Kompyuta haijui jiwe lako mkuu. Kuna jamaa kafunga krasha ya maana, ile ya kuvunja mawe kuwa kokoto, halafu karasha moja tu ya kusaga, mawe yakarundikana mdomoni mpaka vijana wakawa wanachezea bao juu ya lundo, na umeme unakula vilevile.

Kinu na Kalamu
Dogo hajakudanganya. Unaandika gharama zote kama mlinganyo, halafu unaweka masharti: kinachoingia kilingane na kinachotoka, mota zisizidi transfoma, karasha ziwe namba nzima. Hapo kwenye namba nzima ndo watu wanaliwa. Hesabu ikileta 2.4 ukikata ukaweka 2 mzigo unabaki nje, ukiweka 3 huenda umetupa hela maana ungelegeza usagaji kidogo tu mbili zingetosha, kwa hiyo idadi ya mashine na ulaini wa unga vinakokotolewa pamoja.
Na ulaini ni ghali jamani. Kwa kanuni ya Bond ya 1952, ile ya kukadiria umeme wa kusaga, kushusha kokoto ya milimita 10 mpaka 0.1 kunakula umeme mara nne na ushee ya kuishusha mpaka 1. Dhahabu inatoka zaidi ukisaga laini ila kuna mahali bili inaipita, ndo unapotafuta. Ugumu wa jiwe unaupata kwa sampuli, hapo fundi yuko sahihi.

Mtu wa Buhongwa
Asante kaka, programu yenyewe bei gani?

Kinu na Kalamu
GLPK ni bure, ila inataka milinganyo iliyonyooka tu na ya Bond imepinda, kwa hiyo unaipa chaguo: unga wa milimita 0.5, wa 0.2, wa 0.1, kila mmoja na umeme wake na dhahabu yake, ichague yenyewe.

fundi gololi
Sawa wasomi, ila pulley inayopanga mwendo wa karasha msisahau. Karasha ya kipenyo cha mita 1 ikifika mizunguko 42 kwa dakika gololi zinaganda ukutani hazisagi kitu, weka 30 hivi.